Nani Amelipia Shingo Hii?

Mhadhara wa wazi kwa mafundi rangi, wasusi, walimu na wanafunzi, Mwandiga, Kigoma

Wazee wetu, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi wadogo zangu mlioamua kukaa nyuma kabisa: barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uzuri wa mwanamke katika picha za kuchora. Nimekubali nusu. Uzuri wenyewe nawaachia wanaooa na kuolewa. Mimi nitazungumzia picha, hasa kwa nini watu wa kwenye picha hawafanani na watu wa kwenye daladala.

Kutoka hapa hadi njia panda inapoanzia barabara ya Manyovu, anayetembea kwa miguu anatazamwa na wanawake wengi wa rangi ya mafuta. Wamekaa juu ya milango ya saluni, na ukiwaangalia vizuri wote ni ndugu. Macho yanakaribia masikio, pua ni mistari miwili tu, midomo imeiva, nywele zimekula nusu ya bango. Halafu kuna shingo. Hapo naomba tusimame kidogo. Shingo ina urefu wa uso mzima, pengine na nusu yake juu. Mwenye shingo ile akipanda bajaji, kichwa kitabaki nje.

Nilimwendea fundi mmoja wa hapa hapa Mwandiga. Hataki nimtaje, anasema ana wadai ndani ya ukumbi huu na hataki wajue yupo. Nikamwomba anichoree shingo nikiona. Akachukua brashi ya inchi mbili, akakoroga kahawia na njano kidogo, akavuta mara moja tu, kuanzia chini ya kidevu hadi begani, bila kuinua mkono. Akasubiri ishike. Kisha brashi nyembamba, kahawia iliyokolea zaidi, mistari miwili ya upinde ikakata shingo kwa upana: hizo ndizo pingili, ambazo bibi zetu wakizikuta kwenye shingo ya bi harusi hawanyamazi. Nikamuuliza, fundi, kwa nini ndefu namna hii? Nilitegemea aniambie habari za twiga. Akanitazama, akasema: "Sasa mwalimu, namba ya simu ya mwenye saluni nitaiandika wapi?"

Nendeni mkaangalie. Juu kumejaa nywele, katikati uso, chini mabega yamefika ukingoni. Nafasi ya kuandika imebaki moja tu, kulia na kushoto kwa shingo. Shingo ikifupishwa, mteja hapigiwi simu.

Jibu lile ndilo mhadhara wangu wote wa leo, mengine ni mifano. Tumezoea kudhani kwamba mchoraji akirefusha hiki na kunenepesha kile, anatuonyesha jinsi jamii inavyouona uzuri. Mimi nasema mara nyingi anatuonyesha nani amelipa, na amelipia nini. Chuku ya picha hukaa palipo na bei. Mwenye saluni anauza nywele, basi nywele zinafura. Kinyozi anauza ule mstari wa paji la uso, basi kwenye bango lake paji limenyooka kana kwamba limepigwa rula. Fundi cherehani anauza mshono wa kitenge, na mshono hauonekani bila nyonga, kwa hiyo wanawake wake wana nyonga ambazo mlango wa duka lake lenyewe haungezipitisha. Sanamu za kuvalishia nguo sokoni nazo mmeziona, zimetokeza nyuma mno, kwa sababu suruali ya mtumba isipojazwa hainunuliwi. Kwenye jimu ni misuli ya mkono, kichwa kimebaki kidogo. Hata bucha. Yule ng'ombe wa kwenye bango la bucha, mwenye mapaja ya mlima na miguu mifupi, hajawahi kuonekana Uha nzima, ila mapaja ndiyo yanayouzwa kwa kilo, na kwato haziuziki.

Mtasema hii ni biashara ndogondogo ya barabarani, sanaa kubwa ni jambo jingine. Tuvuke ziwa basi.

Upande wa magharibi, kwa Waluba na Wahemba, karne ya 19 vilichongwa viti vya enzi ambavyo leo viko kwenye makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, New York na kwingineko. Vichache kati yake vinafanana sana, na wataalamu wakaviunganisha na kijiji cha Buli, kwa kuwa hawakuwa na jina la uhakika la mchongaji. Kiti chenyewe ni mwanamke aliyebeba ubao wa kukalia. Uso wake ni mrefu, umekonda, mashavu yameingia ndani. Mwili ni mdogo. Lakini mikono! Viganja ni vikubwa kupita kiasi, vimetandazwa pembeni mwa ubao ule, na vidole virefu vinaonekana kimoja kimoja. Mtu mzima wa kawaida, tukimpima kwa kichwa chake mwenyewe, ana vichwa saba au saba na nusu kutoka utosini hadi unyayoni. Huyu hafiki hata vinne. Na aliyeagiza kazi hii ni nani? Ni mtawala, atakayekaa juu yake. Alichonunua ni kubebwa. Mchongaji akamtia nguvu mbebaji pale pale anapobeba, miguu akaikunja chini, ikawa mifupi. Sidhani kama mtu yeyote wa Buli alikwenda kutafuta mchumba mwenye viganja vile.

Wazungu nao hivyo hivyo. Mwaka 1814 mchoraji Mfaransa, Ingres, alimchora mwanamke aliyejilaza, ametupa mgongo wake kwa mtazamaji. Aliyeagiza ni Caroline Murat, malkia wa Napoli, dada yake Napoleon. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819, wakosoaji wakamhesabia pingili tatu za ziada kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2004 madaktari wa Ufaransa wakapima upya, wakasema tatu ni chache, ni tano. Kichekesho ni kwamba hakuna daktari aliyehitajika. Mgongo ndio uliokuwa unauzwa, na mgongo ukarefuka.

Karibu zaidi na sisi, wale mliosoma Ujiji mmepelekwa na walimu kwenye jumba la kumbukumbu ya Livingstone. Mmeona sanamu mbili za karatasi na gundi, Livingstone na Stanley wakivuliana kofia, wote wawili wamezidi kimo cha binadamu. Stanley halisi aliyefika pale mwaka 1871 alikuwa mtu mfupi, kama sentimita 165 hivi. Kimo kile cha makumbusho ni cha kiingilio.

Sasa nifike kwenye picha ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda wetu, na ambayo baadhi yenu mmeiona sebuleni kwa shemeji au kwa jirani aliyetoka ng'ambo. Namzungumzia Mamba Muntu, mwanamke wa majini.

Mapema miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi, akizungumza na wachoraji wa Katanga kwa Kiswahili chao. Huyo ndiye aliyemsikiliza Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi yake picha baada ya picha, kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Picha za namna hiyo wachoraji na wateja waliziita ukumbusho. Wanunuzi walikuwa watu wa kazi wa mijini, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: wachimba madini, makarani, watu wa reli. Sebuleni kwao ungeweza kukuta picha ya enzi ya Mbelgiji, mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, na ukuta wa pili, Mamba Muntu.

Mwangalieni. Amekaa ukingoni mwa maji. Kuanzia kiunoni kushuka chini ni samaki. Kuanzia kiunoni kupanda juu ni mwanamke mweupe au mweupe kiasi, nywele ndefu zinamwagika mabegani, kifua kimejaa, kiuno kimebanwa kupita nyigu. Mara nyingi amevaa saa mkononi. Saa! Majini! Hadithi yake inajulikana: mwanamume akiokota kitana chake au shungi la nywele zake, huyo mwanamke atamjia usiku kukidai, na hapo mapatano yanaanza. Utajiri utakuja, ila kwa masharti, na sharti kubwa ni siri na uaminifu kwake yeye peke yake. Mke wa nyumbani ndiye anayelipa.

Wapo waliosema kwamba Mamba Muntu ni ushahidi kuwa Mwafrika wa mjini alitamani mwanamke wa Kizungu. Huenda wapo waliotamani. Lakini mwangalieni tena kwa jicho la fundi: chuku imekaa wapi? Imekaa kwenye nywele, saa, weupe na mkia. Nywele na kitana ndivyo vya kufanyia mapatano, saa na weupe ndizo alama za mshahara na ofisi. Mkia ndio masharti yenyewe: pamoja na kifua kile chote, huyu hatazaa na wewe, hatapika, hatakuzika. Mchimba madini aliyelipia picha ile hakununua sura ya mchumba. Alinunua habari ya fedha za mjini, jinsi zinavyokuja na jinsi zinavyokula nyumba, akaitundika mahali ambapo yeye na wageni wake wangeweza kuizungumzia bila kumtaja mtu.

Na sura yenyewe ilitoka mbali kuliko mnavyofikiri. Miaka ya 1880, Hamburg, Ujerumani, ilichapwa picha ya rangi ya mwanamke mcheza na nyoka, ya kutangazia maonyesho. Nyoka mmoja amemshika mikononi, nywele zimemjaa kichwani. Picha ile ikafika Afrika Magharibi, na mwaka 1901 tayari kulikuwa na kinyago katika delta ya Niger kilichochongwa kwa kuifuata. Mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay, kwa oda ya wafanyabiashara wa Afrika Magharibi, ikasambaa zaidi. Kuna jambo moja kuhusu picha ile ya Hamburg ambalo fundi yeyote wa hapa atalishika haraka: imekatwa kiunoni. Miguu haionekani. Aliyeichapa alikuwa anauza nyoka, miguu ya nini? Wachoraji wetu wakabaki na nusu ya mtu, na sehemu ya chini wakaijaza wenyewe kwa samaki waliyekuwa wanamjua tangu zamani kwenye masimulizi ya mito na maziwa.

Hadi hapa nimezungumzia picha ambazo hazimdhuru mtu. Chuku yake iko wazi. Anayesema bi harusi ana macho ya gololi, mguu wa bia na umbo namba nane, hakuna atakayeleta futi kupima. Bango la mkono nalo linakiri lenyewe: rangi imechuruzika, sikio moja limepanda juu, jicho halikai sawa. Unajua ni bango. Shida huanza chuku ikihama kutoka kwenye ubao na kuingia mwilini, huku aliyeilipia akiwa hayupo mahali pa kuonekana.

Nitatoa mfano mmoja mchungu kutoka nchi yetu, na sitauchezea. Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Burton mwezi Februari 1858, alirudi tena Afrika, na mwishoni mwa mwaka 1861 alikuwa Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Huko aliwakuta wake wa jamaa wa mfalme wamenoneshwa kwa maziwa hadi wasiweze kusimama. Alimpima mmoja na kuandika kitabuni: mkono, kwa vipimo vya leo, mzunguko wa sentimita 58; kifua 132; paja 79; shavu la mguu 51. Urefu alikubali mwenyewe kuwa hana uhakika nao, kwa sababu hakuweza kumlaza mama yule chini ili ampime sawasawa. Pembeni alikuwepo binti wa miaka 16 akinywa maziwa kibuyuni, na baba yake amekaa na fimbo ili asiache kunywa.

Tukio hili lina watu wawili wa kuwatazama kwa mashaka, na mmoja ni Speke mwenyewe, mgeni anayempima mama wa watu kama mzigo wa forodhani. Ila tuseme vipimo ni vya kweli. Pale Karagwe utajiri ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe wako malishoni, hawaonekani barazani. Mke ambaye hawezi kusimama, hawezi kulima wala kuchota maji, ndiye bango la zizi: kila anayemwona anajua humu ndani kuna maziwa ya kumwaga. Mwenye ng'ombe, ndiye mtu wetu wa pili, amelipa, chuku imekaa palipo na bei, kama kawaida. Tofauti ni kwamba safari hii ubao ni mtu, na yule binti wa miaka 16 hakuulizwa.

Chuku iliingia mwilini kwingine pia: kaskazini-mashariki mwa Kongo, Wamangbetu waliokuwa na cheo walifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili fuvu lirefuke kwenda nyuma, na wanawake wakaongezea msuko uliopanuka juu yake. Wageni wakapagawa. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924 na 1925 ulimpitisha kule mchoraji wake, Alexandre Iacovleff, na sura ya mwanamke wa Kimangbetu aliyetazama pembeni ikaenea Ulaya nzima. Kilichofuata ndicho kinachonivutia mimi. Vyungu, vinanda na vinyago vyenye vichwa virefu viliongezeka sana wageni walipoanza kuvinunua, na baadhi vilitengenezwa na majirani, Wazande na wengine, ambao wenyewe hawakuwa na desturi ile. Kufikia miaka ya 1950 watoto walikuwa hawafungwi tena vichwa. Vinyago vikaendelea kuchongwa.

Sasa nirudi kwa wadogo zangu wa nyuma, maana mmeanza kuchezea simu, na simu ndiyo nilikuwa naisubiri.

Angalieni barabara yetu ya mabango kwa mara nyingine. Saluni imechukua nywele na shingo. Cherehani imechukua nyonga. Duka la vipodozi limechukua rangi ya ngozi. Kila mmoja amekuza kipande chake tu. Hakuna bango hata moja Mwandiga lenye mwanamke mwenye vyote, kwa sababu hakuna mfanyabiashara mmoja aliyekuwa tayari kulipia vyote. Mwenye saluni hatoi rangi yake kuchora nyonga za faida ya fundi cherehani. Ubahili wa wafanyabiashara umewalinda dada zetu kwa miaka mingi bila wao kujua.

Simu imewaunganisha. Picha moja sasa ina ngozi iliyong'arishwa, kiuno kilichominywa, macho yaliyopanuliwa na nywele za kununua, vyote kwenye mwili mmoja, na havionekani kuwa vimechorwa. Vimechorwa, ila brashi haijaacha alama. Binti wa kidato cha tatu akisimama na ile picha, hashindani na mtu. Anashindana na bidhaa za maduka manne zilizorundikwa juu ya mwili ambao haupo. Na anapotaka kulipa tofauti, wauzaji wapo tayari: dawa za kuongeza makalio ambazo hata aliyezifunga hajui zina nini, na mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, si ngozi tu. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 jukumu la kuvisimamia liko kwa Shirika la Viwango. Lakini mpaka wetu ni mrefu na mifuko ni midogo, na nyote mnajua vinapatikana wapi kuliko ninavyojua mimi.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa kama basi tuwazuie mafundi kuchora shingo ndefu, watoto waone watu wa kawaida. Hapana, mwalimu. Kwanza utakuwa umemnyima mwenye saluni namba yake ya simu. Pili, bango la mkono ndilo chombo bora cha kufundishia ulichonacho Mwandiga, na linapungua kila mwezi, kwa sababu la kuchapishwa kwa mashine linakuja siku hiyo hiyo na picha yake imetolewa mtandaoni. Wapeleke wanafunzi na kamba. Wapime vichwa. Wachore palipokuzwa kwa chaki nyekundu, kisha waingie dukani, kwa adabu, wamuulize mwenye duka anauza nini. Wakirudi darasani wafanye hivyo hivyo na picha moja ya kwenye simu, na hapo wawe tayari kwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu mwenye duka hayupo wa kuulizwa. Watalazimika kukisia amelipia nini kwa kuangalia palipovimba.

Nje ya mlango wa ukumbi fundi wangu ameegemeza mabango matatu aliyoyamaliza jana: saluni, bucha, na Mamba Muntu mmoja ambaye nilimwagiza mwenyewe, amevaa saa kama nilivyotaka. Lile la bucha halijakauka, msiliguse. Maswali mnaweza kuyaleta kwangu sasa. Ya bei mpelekeeni yeye, na wanaomdai mpiteni kwanza.